Ajali kazini inakufundisha nini hasa? Mimi nakataa jibu la "tuwe makini"

#1 – mleta uzi

Wakuu habari zenu. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka apite atarudi baadaye.

Nimesoma stori nyingi za watu walioumia kazini na karibu zote zinamalizikia sehemu moja, "ndugu zangu tuwe makini". Naomba nibishane na hiyo sentensi. Mimi mwenyewe nimeumia kazini, na kama kuna kitu nilichotoka nacho ni kwamba umakini ndo kinga dhaifu kuliko zote, kwa sababu unaisha. Asubuhi unao, jioni umechoka haupo, una mgonjwa nyumbani ndo haupo kabisa, na mashine wala haina habari na mambo yako.

Ilivyokuwa kwa kifupi. Karakana ya vyuma, naingia shifti ya jioni, nakuta grinda ndogo imefungwa diski kubwa ya kukatia, kava limetolewa maana na kava lile diski isingeingia. Kazi ilishaanzwa na wenzetu wa mchana, nikaendeleza palepale walipoishia. Diski ikapasuka. Kipande kimoja kikapita kwenye kiganja kikakata kano za kukunjia vidole. Miwani nilikuwa nimevaa, la sivyo leo mngekuwa mnasomewa huu uzi na mtu mwingine.

Sasa hesabu ambayo hakuna aliyewahi kunionyesha mpaka nipo na bandeji: grinda ndogo ya milimita 115 inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Diski ya milimita 230 mwisho wake ni kama 6,600, na imeandikwa juu ya diski yenyewe, ile karatasi yenye rangi ambayo hatuisomi. Yaani ile diski ilikuwa inazungushwa zaidi ya mara moja na nusu ya spidi iliyotengenezewa. Hapo uwe makini usiwe makini itapasuka, suala ni lini na imkute nani ameishika.

Ripoti ikaandikwaje? "Mfanyakazi hakuchukua tahadhari." Faili likafungwa, watu wakakumbushwa kuwa makini, basi. Grinda kubwa ambayo ndo ilitakiwa kufanya ile kazi ikabaki stoo mbovu vilevile, na ubovu wake ndo uliofanya mtu wa mchana afunge diski kubwa kwenye grinda ndogo, kwa sababu mteja anasubiri mzigo na hakuna aliyesema tusimame. Mimi nikiwa nauguza mkono nilikuwa na muda wa kuwaza na nikaona nikiuliza "nani kakosea" napata jina la mtu na naishia hapo hapo, ila nikiuliza "ilikuwaje hii ikaonekana ni sawa siku ile" napata vitu vya kushika mkononi: mashine haijatengenezwa, diski zote zimechanganywa kwenye boksi moja, anayetoka haongei na anayeingia, malipo yanahesabiwa kwa vipande.

Watu wa usalama wana mpangilio wao ambao ukiuelewa hausahau. Kwanza ondoa hatari kabisa. Haiwezekani? badilisha uweke kitu chenye afadhali. Haiwezekani? weka kizuizi cha kweli kati ya mtu na hatari. Baada ya hapo ndo zinakuja taratibu na mafunzo, na mwisho kabisa glavu, miwani, kofia ngumu. Sisi tunaanzia mwisho, tunagawa miwani tunapiga picha tunasema tuna usalama. (Miwani iliniokoa jicho, siidharau, ila kuitegemea yenyewe tu ni kusubiri kipande kiende sehemu nyingine kama kilivyoenda kwangu.)

Upande wa pili ni wa kurudi kazini, na hapa ndo naona tunadanganyana sana. Tunamsifu mtu anayerudi na bandeji mkononi, tunamuita ngangari. Mimi niliporudi nikisikia grinda inawashwa hata upande wa pili wa karakana moyo unaenda mbio, jasho linatoka, na sikumwambia mtu maana kila mtu alikuwa ananipongeza kwa ujasiri. Ujasiri gani sasa, nilikuwa naenda stoo kutafuta vitu ambavyo sivihitaji ili tu niwe mbali.

Aliyenielewesha ni mtaalamu wa mazoezi aliyekuwa ananihudumia mkono. Kano ikishashonwa, ukiiacha imetulia tu muda wote inagandana na nyama za pembeni, vidole vinakuwa vigumu milele. Ukiivuta kwa nguvu mapema inakatika tena unarudi mezani kwa daktari. Kwahiyo unaikunja kidogo kidogo, kwa kipimo, na mtu anayejua anaangalia. Nikaona na kichwa kinaenda hivyohivyo. Nikaomba nianze na kazi za kupima na kuchora, baadaye drili, baadaye nikashika grinda mwenzangu amesimama pembeni karibu na swichi. Hofu haijaisha yote na sitaki iishe yote.

Haya, wadau waliopitia, leteni yenu. Ila naomba kitu kimoja, usiniandikie "niliongeza umakini". Niambie nini kilibadilika kwenye kazi yenyewe.

#2 – fundi waya

Nakazia. Mimi nilipigwa shoti kwenye paneli ambayo nilishaizima mwenyewe kwa mkono wangu. Nimezima, nimeenda ndani, mwenzetu kaja kakuta mtambo wake hauna umeme kawasha swichi. Wala hakuwa na nia mbaya, kaona swichi iko chini kaipandisha, hata mimi ningekuwa yeye ningeipandisha.

Toka siku ile nina kufuli langu na funguo moja, ipo kwenye mnyororo shingoni. Kilichobadilika ndo hicho. Nazima, nafunga kufuli kwenye swichi, naning'iniza kitagi chenye jina langu, naenda kujaribu kuwasha mashine nione kama kweli imekufa, alafu napima kwa testa. Na testa yenyewe naijaribu kwanza sehemu ninayojua ina umeme, napima kwangu, narudi kuijaribu tena palepale, maana testa iliyokufa inakwambia hakuna umeme kila sehemu. Tukiwa wanne kufuli zinakuwa nne, hakuna cha kusema "fungua tu jamaa kashamaliza". Marekani hii kitu ya kufuli na kitagi ipo kwenye kanuni za serikali toka 1989, sio ujanja wangu.

Na kapasita jamani. Umeme umekata ila ule uliotunzwa mle ndani bado upo. Chemba za hewa iliyoshindiliwa vilevile, springi vilevile, mzigo ulioning'inia vilevile. Kuzima sio kumaliza.

Nyongeza: ukipigwa shoti hata kama unajisikia poa nenda hospitali wakaangalie mapigo ya moyo. Ngozi inaweza kuonekana ina kidoa tu kumbe njia umeme uliopita ndani imeumia zaidi.

#3 – msimamizi

Mleta uzi umeandika vizuri lakini na sisi wasimamizi mtusikilize. Kava la grinda nafunga mimi asubuhi, saa sita nakuta limewekwa juu ya benchi. Nafunga tena, kesho hivyohivyo. Mashine mpya, kava jipya. Sasa hapo mfumo umekosea nini? Watu wengine wabishi tu tusipambe maneno.

#4 – mleta uzi

Mkuu sikukatalii kwamba wabishi wapo. Ila jiulize, kama analitoa mmoja ni mbishi, kama wanalitoa wote kuna kitu kava linawafanyia. Wamekwambia ni nini? Mara nyingi linaziba mstari wa kukatia, au kona ni nyembamba halifiki, au linahitaji spana kulizungusha na spana iko kwa mtu mwingine. Yapo makava yanayozungushwa kwa mkono bila spana. Tafuta hilo kabla hujaongeza barua za onyo, na uone kama utalikuta tena juu ya benchi.

#5 – tona

Hapo kwenye #3 na mimi nina la kwangu. Sehemu niliyokuwepo walitoa amri kila mtu glavu muda wote, bila glavu unakatwa. Mimi nipo kwenye tono (mashine ya kukereza vyuma) na drili ya kusimama! Kitu kinachozunguka kikishika uzi mmoja wa glavu hakikuachii, kinavuta glavu na mkono na mwenye mkono. Nikasema, nikaonekana mbishi. Kuna mwenzetu alivutwa kidole ndo amri ikabadilishwa, na yeye ndo aliyekuwa anafuata sheria kuliko sisi wote. Kwahiyo naomba wanaoandika sheria wawe wanashuka kwenye mashine kwanza.

Alafu mikono mirefu ya shati, cheni, nywele, kitambaa cha kufutia. Yote yale yale.

#6 – mpita njia

Uzi wa maana huu. Nimeweka kambi.

#7 – kibarua

Mnaongea kama watu wenye ajira za kudumu. Sisi vibarua ukisema hapa si salama unaambiwa kesho usije, nyuma yako wapo kumi wanasubiri getini. Kufuli langu nalifunga wapi wakati hata paneli siruhusiwi kuigusa?

#8 – mleta uzi

Ndugu yangu hili ndo gumu kuliko yote na sitakudanganya kwamba kuna jibu jepesi. Rana Plaza kule Bangladesh, Aprili 2013, jengo lilionekana na nyufa siku moja kabla. Benki iliyokuwa mle ndani ikaambia wafanyakazi wake wasije. Wa viwanda vya nguo wakaambiwa waingie, na kwa hali zao wasingeweza kukataa. Jengo likaanguka asubuhi ya tarehe 24, wakafa zaidi ya 1,100. Watu waliziona nyufa kwa macho yao kabisa, kwahiyo huwezi kuniambia shida ilikuwa umakini, shida ilikuwa nani ana nguvu ya kusema hapana akasikilizwa.

Kwenye karatasi haki ipo. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1981, unasema mfanyakazi aliyejiondoa kwenye hatari kubwa ya papo kwa papo akiwa na sababu za msingi za kuamini hivyo alindwe asiadhibiwe. Na 2022 hilo shirika likaweka usalama na afya kazini kwenye orodha ya haki za msingi kabisa za kazi. Ila karatasi haisimami getini na wewe, nakubali.

Nilichoona kinafanya kazi kidogo ni kutokukataa peke yako na kutokutumia neno kukataa. Wawili watatu mnauliza swali moja kwa pamoja, mbele ya watu, "bosi hili jukwaa nani kalikagua leo?" Akishajibu mbele ya watu jina lake limeshaingia. Sisemi inafanya kazi kila mahali, kuna sehemu wanakufukuza wote watatu.

#9 – muuguzi

Jamani ajali za kazini sio vyuma na umeme tu. Mimi nilichomwa na sindano iliyotoka kwa mgonjwa, wodini, usiku. Na kilichoniumiza zaidi ya sindano ni kwamba wazo la kwanza lililonijia ni nifiche. Niliona wenzangu waliosema walivyonong'onwa, watu wanauliza ulifanyaje fanyaje mpaka ukajichoma.

Nawaambia wenzangu wa kada hii na wafanya usafi ambao wanasahauliwa sana, kwa sababu wao ndo wanakutana na sindano kwenye mifuko ya taka: dawa za kuzuia VVU baada ya kuchomwa zinatakiwa kuanza haraka, masaa ya mwanzo kabisa, na mwisho ni masaa 72, unazitumia siku 28. Hatari yenyewe kwa sindano moja yenye damu ya mtu mwenye virusi ni kama 0.3 kwa mia, ni ndogo, ila ukificha muda wa kuanza dawa unakupita, na homa ya ini B nayo ipo, hiyo inaambukiza kirahisi kuliko VVU na ina chanjo.

Mleta uzi umeuliza nini kilibadilika. Kwetu ni boksi la sindano. Lilikuwa mlangoni, ukishachoma mgonjwa unatembea na sindano wazi mkononi mpaka mlangoni au unairudishia kifuniko ili utembee nayo, na kurudishia kifuniko ndo kunakochoma watu. Sasa hivi boksi linaenda na toroli, liko pembeni ya mkono. Hakuna semina iliyofanyika. Wamehamisha boksi tu!

#10 – mleta uzi

Dada hii ya kuficha ni uzi mwingine kabisa. Marekani kwenye ndege wana mfumo tangu 1976 ambapo rubani, fundi, muongoza ndege anaandika mwenyewe lililokaribia kutokea, na ripoti haiendi kwa wale wanaotoa leseni na adhabu, inapokelewa na NASA, majina yanafutwa. Wameelewa kwamba ukichanganya anayesikiliza na anayeadhibu utasikia kimya. Kwetu fomu ya ajali inapokelewa na mtu huyohuyo anayesaini barua za onyo alafu tunashangaa mwaka mzima hakuna nusura ajali hata moja iliyoripotiwa.

#11 – dereva wa usiku

Mimi langu ni usingizi. Niliacha njia na lori, Mungu mkubwa hakuna aliyekufa, mbavu tu na ajira. Watu wanadhani usingizi ni mpaka ufumbe macho. Kuna utafiti wa 1997 uliopima watu waliokaa macho masaa 17 wakakuta uwezo wao wa kufanya kazi umeshuka sawa na mtu mwenye pombe kwenye damu kiwango cha 0.05 kwa mia, na nchi nyingi ukikamatwa unaendesha na hicho kiwango una kesi. Ila ukiendesha umekesha unaitwa mchapakazi.

Niliporudi barabarani kilichobadilika ni kwamba natafuta kwanza ratiba ndo naongelea malipo. Nimekosa safari nyingi kwa hilo, sisemi ni rahisi, ila kufungua kioo na kuweka mziki mkubwa hakuondoi usingizi, kunakufanya usinzie ukiwa na baridi na kelele.

#12 – fundi mitambo

Nimerudi kwenye #1, watu wamepita juu juu kwenye lile la shifti. Mleta uzi alikuta diski imefungwa na wenzake wa mchana. Hapo ndo penyewe.

Piper Alpha, jukwaa la mafuta na gesi bahari ya Kaskazini, tarehe 6 Julai 1988. Mchana mafundi wametoa valvu ya usalama ya pampu moja kwa ajili ya matengenezo, wakaziba na kifuniko cha muda. Kazi haijaisha, shifti inaisha, kibali kikarudishwa chumba cha kuongozea mitambo bila watu kuongea uso kwa uso. Pampu hiyohiyo ilikuwa na kibali kingine cha matengenezo yaliyokuwa hayajaanza, karatasi mbili, sehemu mbili, pampu moja. Usiku pampu ya pili ikagoma, wa usiku wanajua kile kibali cha matengenezo yasiyoanza tu, wakaona hii pampu ya kwanza haijafunguliwa, washa. Gesi ikatoka kwenye kile kifuniko. Walikufa watu 167.

Mimi tokea niijue hiyo habari sipokei zamu kwa kusoma daftari. Anayetoka namsimamisha tunatembea wote mtambo kwa mtambo, anionyeshe kwa kidole kipi kimefunguliwa, kipi kimefungwa kwa muda, kipi "kinaenda enda tu". Hiyo "kinaenda enda" ndo naitafuta, maana haiandikwi na mtu. Wananuna kwa sababu wanachelewa usafiri. Wanune.

#13 – mjenzi

Naomba kuuliza kwa mleta uzi, ile ya moyo kwenda mbio. Nilianguka toka juu, mguu umepona madaktari wamesema poa, ila nikifika ngazi ya tatu tu miguu inatetemeka, na usiku naota naanguka. Wenzangu wanacheka. Ni kawaida au ndo nimekwisha?

#14 – mleta uzi

Mkuu hujakwisha. Wiki za mwanzo baada ya ajali kuota na kushtuka shtuka ni kawaida kwa watu wengi na kunapungua kwenyewe. Ila ikipita mwezi bado unaota, unakwepa sehemu, hulali, unagombana na watu nyumbani bila sababu, hapo ni kitu kinachotibika na kina wataalamu wake, nenda ukaseme hivyohivyo ulivyosema hapa. Usisubiri ufike mahali unakunywa ili upande.

Na kuhusu ngazi, usijilazimishe juu siku moja ili uwanyamazishe wanaocheka. Simama ya pili mpaka mwili utulie ndo uende ya tatu, mtu ameshika chini. Na angalia ngazi yenyewe imesimamishwaje, kwa kila mita nne za kwenda juu mguu wake uwe mita moja toka ukutani, na juu ipitilize kama mita moja pale unaposhukia. Mwili wako unaweza kuwa unatetemeka kwa sababu ngazi kweli imekaa vibaya, usiudharau.

#15 – mpita njia

Swali kwa muuguzi wa #9. Mimi nazoa taka. Nikichomwa na sindano ya kwenye mfuko, mwenye sindano hajulikani, nitaenda kumpima nani? Na kukamua damu itoke inasaidia?

#16 – muuguzi

Usikamue, na usimwagie jiki wala spiriti kwenye kidonda. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni, alafu nenda siku hiyohiyo, hata kama ni usiku nenda dharura. Mwenye sindano kutojulikana hakukuzuii kuhudumiwa, wataangalia ilikuwa sindano ya aina gani, imeingia kiasi gani, mfuko umetoka wapi, ndo waamue kama unaanza dawa. Watakupima na wewe siku hiyo ili ijulikane ulikuwa na hali gani kabla, usiogope hicho kipimo, ndo kitakachokusaidia ukija kudai kwamba yametokea kazini. Na ulizia chanjo ya homa ya ini B kuanzia sasa, usisubiri uchomwe. Mfuko ubebe kwa kuushika shingoni, mbali na mguu, usiushindilie kwa mkono wala kwa kiatu.

#17 – mpita njia

Asante dada. Hilo la kushindilia kwa kiatu tunafanya kila siku. Jumatatu naenda kuulizia chanjo.